Trekta Kuukuu Ni Ghali: Jibu kwa Wanaosifu Chuma cha Zamani

Kuna ushauri mmoja unaotolewa kwa uhakika mkubwa kuanzia Kibaigwa hadi Kiteto, kuanzia Dakawa hadi Mbarali. Mkulima aliyeuza mahindi kwa bei nzuri, au mtumishi aliyestaafu akapata kiinua mgongo, akiuliza anunue trekta gani, anaambiwa aachane na haya mapya. Atafute Massey Ferguson la zamani, la Mwingereza: 135 au 165, akibahatika 290. Akilikosa, basi Ford 5000. Chuma kile hakifi.

Wanaosema hivyo wana nia njema, na wengi wao ni watu waliokaa na mashine kuliko mimi. Lakini ushauri wao unamwelekeza mwenye mtaji mdogo kwenye mashine anayoweza kuinunua na hawezi kuitunza. Nautaja kama wanavyoutaja wenyewe kabla ya kuujibu. Wanasema matrekta yale yaliundwa kwa chuma kizito, enzi ambazo kiwanda kiliona aibu kutoa kitu cha kuharibika. Wanasema injini yake, kama Perkins ya silinda tatu iliyomo ndani ya 135, haina kompyuta wala sensa, kwa hiyo fundi wa chini ya mwembe anaifungua na kuifunga. Spea zake zimejaa madukani. Bei yake ni nusu ya jipya au chini ya hapo, kwa hiyo unalipa taslimu na hudaiwi na benki. Na ukilichoka, unaliuza bila hasara kubwa.

Katika haya yote hakuna uongo mtupu, ndiyo maana yanaaminika. Tuyachukue moja baada ya jingine.

1. Sifa ya wakati ule, mashine ya wakati huu

Massey Ferguson 135 ilitengenezwa katika kiwanda cha Banner Lane, Coventry, kuanzia 1964 hadi 1975. Kiwanda hicho kilitoa zaidi ya matrekta milioni tatu kabla ya kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ni kweli kwamba wahandisi wake walijua kazi yao. Trekta la nguvu ya farasi 45 ambalo mzee wako alilikuta kwenye shamba la mkonge mwaka 1970 lilikuwa mashine bora. Tatizo ni kwamba wewe hununui trekta la mwaka 1970 kama lilivyokuwa mwaka 1970. Unanunua chuma kilichochoka kwa nusu karne. Hata hizo 240 na 290 za miaka ya themanini, ambazo watu wanaziita za juzi, zimeshapita umri wa wengi wanaoziendesha.

Jingine linalosahauliwa ni nani amelitunza. Huko Uingereza 135 iliyokaa vizuri ni mali ya wapenzi wa mashine za kale. Wanaihifadhi bandani, wanaipaka rangi upya, wanaipeleka kwenye maonyesho, wanalima nayo mifereji michache ya mashindano na kuirudisha kwenye turubai lake. Bei ya trekta kama hilo imepanda kwa sababu ya mapenzi hayo. Sasa jiulize: kama zile nzuri zinagombaniwa kwao kwa bei ya juu, zinazopakiwa kwenye kontena kuja Dar es Salaam ni zipi? Dalali atakuonyesha rangi nyekundu inayong'aa na saa ya injini inayosoma saa chache. Saa ile inaendeshwa kwa kebo. Kebo ikikatika mwaka 1988, namba inabaki hapo ilipofikia mpaka leo.

Kwa hiyo anayesema "chuma cha zamani hakifi" anasimulia habari za yale machache yaliyobaki hai. Yaliyokufa hayahesabu. Yapo nyuma ya gereji, yamenyofolewa giaboksi na stata, nyasi zimeyafunika.

2. Kukwepa kompyuta hakuhitaji uzee

Hoja ya kompyuta ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inajengwa juu ya uchaguzi ambao haupo. Msikilizaji anaachwa aamini kwamba mbele yake kuna milango miwili: chuma rahisi cha zamani, au mashine mpya iliyojaa waya ambayo ikizimika shambani inamngoja mtaalamu mwenye kompyuta mpakato.

Trekta la namna hiyo lipo, lakini mara nyingi ni la nguvu kubwa, na mkulima wa ekari thelathini hana mpango nalo. Katika kundi la farasi 45 hadi 75 mambo ni tofauti. Kampuni ya TAFE ya India ilianza kutengeneza matrekta ya Massey Ferguson kwa makubaliano maalumu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Millat ya Lahore, Pakistan, iliingia kazi hiyo katika muongo huohuo, na imeendelea kutoa 240 na ndugu zake kwa miaka mingi baada ya Coventry kunyamaza. Ni ukoo uleule: pampu ya kimakanika, gia za kuingiza kwa mkono, haidroliki ya mfumo alioubuni Harry Ferguson kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Mahindra, Swaraj, Sonalika na wengine nao wanatengeneza matrekta yasiyo na kompyuta. Anayependa urahisi wa 135 anaweza kuupata pamoja na beringi ambazo hazijawahi kuzunguka.

Tunapodharau trekta jipya kwa sababu limetoka India tunafanya kosa moja la ajabu. Tunalipa fedha kwa jina lililobandikwa kwenye boneti, kisha tukirudi nyumbani tunalijaza lile la Mwingereza spea zilizotengenezwa Ludhiana, India. Baada ya misimu mitatu mkulima ana trekta ambalo pistoni, klachi, ringi na gasketi zake ni za Kihindi. Alichobaki nacho cha Coventry ni kasha la chuma na ufa wake.

3. Fundi na spea

"Spea zipo" ni kweli. Lakini zinapatikana kwa wingi kwa sababu zinanunuliwa kwa wingi, na zinanunuliwa kwa wingi kwa sababu mashine hizi zinaharibika mno. Halafu spea moja ina sura nyingi. Ipo halisi, ipo nakala nzuri, na ipo nakala inayofanana nayo mpaka uifunge. Klachi pleti mbili zilizolala pamoja kwenye kaunta Morogoro zinaweza kutofautiana maisha kwa misimu miwili, na muuzaji mwenyewe hawezi kukuambia ipi ni ipi.

Fundi naye tunamtwisha mzigo asiostahili. Namheshimu fundi wa mtaani. Bila yeye kilimo cha nchi hii kingesimama. Lakini matrekta ya Kiingereza ya miaka ile yana boliti na nati za vipimo vya inchi, na sanduku la fundi wetu limejaa spana za milimita. Spana isiyokaa sawasawa inamega kichwa cha boliti. Boliti ikimegwa mara mbili, ya tatu inachomelewa. Ndivyo trekta linavyopoteza uwezo wa kufunguliwa tena vizuri, ukarabati mmoja ukizalisha mwingine.

Kisha kuna pampu ya dizeli. Wengi husema haina mambo mengi. Pampu ya mzunguko iliyofungwa kwenye Perkins ya 135 inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na vyuma vyake vimesuguliwa kwa vipimo vidogo kuliko unywele. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inapungukiwa na ulainishaji huo, ikiwa na maji ndiyo hatari zaidi. Pampu ikichoka, chini ya mwembe hakuna dawa: lazima ipelekwe kwenye meza ya kupimia pampu, na meza hizo ziko mijini. Dereva anayekwambia trekta linakosa nguvu likipata joto anakueleza habari za pampu hiyo, au za ringi zilizokwisha, au vyote viwili.

4. Hesabu

Namba zinazofuata ni za mfano. Kila mtu aweke za kijijini kwake. Tuseme kulimia watu ni shilingi 50,000 kwa ekari, na msimu wa kukatua una siku 40. Trekta jipya linalima ekari 8 kwa siku, yaani ekari 320, sawa na shilingi milioni 16. Ukitoa dizeli na dereva, tuseme 25,000 kwa ekari, unabaki na milioni 8. Toa milioni moja ya oili, filta na madogomadogo. Milioni 7.

Kuukuu linasimama siku 15 kati ya 40. Wenye nayo wanajua kwamba sijazidisha. Siku 25 zilizobaki linalima ekari 6, kwa sababu injini imepungua nguvu na matairi yanateleza. Hizo ni ekari 150, shilingi milioni 7.5. Dizeli inaliwa zaidi na oili inaongezwa kila asubuhi, kwa hiyo gharama ni 28,000 kwa ekari. Linabaki na milioni 3.3. Kushusha injini, au kufungua giaboksi, pamoja na matairi, ni milioni 3. Mwenye trekta amefanya kazi msimu mzima kwa shilingi laki tatu.

Tofauti ni milioni 6.7 kwa mwaka. Kama kuukuu limenunuliwa kwa milioni 18 na jipya kwa milioni 45, pengo la milioni 27 linafidiwa kwa karibu misimu minne.

Hapo mpinzani wangu atasimama, na ana haki. Atasema: milioni 45 kwa mkopo, kwa riba ya asilimia 18, ni zaidi ya milioni 8 za riba mwaka wa kwanza. Hiyo milioni 7 yako haitoshi hata riba. Ni kweli. Wapo walioumia hivyohivyo: madeni ya matrekta ya SUMA JKT, yaliyokopeshwa kwa nia nzuri baada ya kampeni ya Kilimo Kwanza, yalidaiwa miaka na miaka.

Lakini tazama hesabu hiyo imethibitisha nini. Imethibitisha kwamba eneo lenye mvua moja kwa mwaka, na kazi ya siku 40, halibebi trekta jipya la mkopo kwa kulimia tu. Haikuthibitisha hata kidogo kwamba linabeba kuukuu. Mawazo ya wengi yanaruka hapa: siwezi jipya, kwa hiyo ninunue la zamani. Shamba lisiloweza kulipia trekta jipya, mara nyingi haliwezi kulipia trekta lolote. Mwenye shamba hilo anapaswa kukodi, au kununua kwa pamoja na wenzake wenye mashamba ya kutosha kulifanya trekta lifanye kazi mwaka mzima, au kubaki na maksai wake na plau lao, ambao hawahitaji pampu kwenda Dodoma mjini. Kumwambia mtu kama huyo auze ng'ombe wanane anunue 165 ya mwaka 1972 ni kumvua akiba ambayo ilikuwa inazaa.

Na hilo la kwamba hana deni kwa kuwa amelipa taslimu, si kweli. Kufikia Januari anadaiwa dukani kwa spea, kituoni kwa dizeli, na kwa fundi. Hana mkataba wa benki, lakini deni analo, tena la watu anaokutana nao kila siku.

5. Wanaolipa ni majirani

Gharama hii haimo katika hesabu yoyote ya mwenye trekta, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Mvua za Kongwa na Kiteto zinaanza kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba, na zinakatika Aprili. Mahindi yaliyochelewa kupandwa yanakutwa na ukame wa katikati ya msimu yakiwa hayajakomaa. Kila mkulima analijua hili bila kufundishwa. Kwa hiyo wiki mbili au tatu za mwanzo za kukatua ndizo zinazoamua njaa na shibe ya nyumba.

Mwenye trekta kuukuu anahitaji fedha za kulifufua kabla ya msimu. Anazipata kwa majirani. Oktoba anapita akichukua malipo ya awali: huyu ekari tatu, yule ekari mbili, mama mjane ekari moja na nusu. Watu thelathini wanaingia kwenye daftari. Mvua ya kwanza inanyesha, trekta linalima siku nne, klachi inakwisha. Linasimama wiki. Spea inafika, siyo yenyewe, inarudishwa. Linalima siku mbili, haidroliki haiinui plau. Wale thelathini hawawezi kwenda kwa mwingine kwa sababu fedha zao zimeshageuka ringi na slivu. Wanangoja. Wenye nguvu wanachukua jembe la mkono na kuanza kona moja ya shamba. Wa mwisho kwenye daftari, ambao kwa kawaida ndio wasio na sauti ya kugomba, wanapanda Januari ikiwa imekwisha.

Trekta limesimama kwa mmoja, hasara imekwenda kwa thelathini. Anapoulizwa baadaye, mwenye trekta anasema kwa moyo safi kwamba limemlipa, kwa sababu hasara kubwa haikupita mfukoni mwake. Ushuhuda wa namna hiyo ndio unaoeneza sifa ya chuma cha zamani.

6. Na roho za watu

Uswidi ilianza kudai fremu ya kumkinga dereva kwenye matrekta mapya mwaka 1959, baada ya kuona wakulima wanasagwa na matrekta yanayopinduka, na vifo vikapungua sana. Uingereza ilifuata kwa matrekta mapya mwaka 1970. Hii ina maana kwamba 135 nyingi na karibu kila Massey Ferguson 35 ziliondoka kiwandani bila kinga yoyote, na kwamba baadhi ya yaliyo sokoni kwetu hayawezi tena kutumiwa kwao na dereva wa kuajiriwa jinsi yalivyo. Hata yaliyokuja na kibanda, hapa kibanda kinang'olewa kwa ajili ya joto na kuuzwa chuma chakavu.

Ongeza breki zinazoshika upande mmoja. Ongeza shafti ya PTO iliyopoteza kifuniko chake, inayozunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde, ikiendesha mashine ya kupukuchua mahindi huku akina mama waliovaa khanga wakikusanya magunzi. Ongeza utingo wa miaka kumi na sita aliyekaa juu ya madigadi kwa sababu hakuna pa kukaa. Nguo ikishikwa na shafti ile hakuna muda wa kuzima injini. Wanaosifu urahisi wa mashine hizi hawalitaji hili kabisa, nami siwezi kulinyamazia. Kifuniko cha PTO na fremu ya nguzo mbili ni vitu vya kawaida kwenye trekta jipya. Kwenye kuukuu ni vya kutafutwa, na havitafutwi.

7. Kongwa ilishaona

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, ikilenga zaidi ya ekari milioni tatu za Afrika Mashariki na ya Kati, na kazi ikaanzia Kongwa. Baada ya vita matrekta mapya yalikuwa haba, kwa hiyo yakanunuliwa yaliyobaki jeshini Ufilipino. Vifaru vya Sherman navyo viligeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers. Mengi yalifika yamechoka, aina zikiwa nyingi na spea hazilingani, na karakana ikajaa mashine zilizosimama wakati mvua inapita. Kulikuwa na sababu nyingine, udongo mgumu wa mfinyanzi, mvua isiyotabirika, haraka ya wakubwa, na sitaki kulaumu vyuma peke yake. Lakini Januari 1951 mpango ulifutwa, na hasara ikahesabiwa kuwa pauni milioni 36. Wale walikuwa na hazina ya dola nyuma yao, wahandisi, karakana na reli. Mkulima wa Kongwa anayeshauriwa leo kununua mashine iliyochoka ana ng'ombe wanane na simu ya fundi.

8. Nani anunue

Wapo wanaofaa. Mwenye gereji yake na lathi yake, ambaye mikono yake ndiyo bima yake. Mwenye shamba kubwa lenye trekta jipya la kukatua, anayetaka la pili la kuvuta tela la maji, kuni na mbolea, kazi ambazo zikiahirishwa siku tatu hakuna anayekosa chakula. Mwenye mashine ya kupukuchua inayokaa mahali pamoja, karibu na mji wenye spea, akishaifunika PTO.

Huyo aende kulitazama asubuhi kabla halijawashwa, aguse injini ahakikishe ni ya baridi, maana muuzaji mwerevu hulipasha kabla hujafika. Alifunge plau lake mwenyewe alime nalo kwa saa mbili kwenye ardhi ngumu, kisha atazame moshi, geji ya oili injini ikiwa ya moto, na kama plau lililoinuliwa linashuka lenyewe. Achomoe kijiti cha oili aone kama imegeuka maziwa. Atenge fedha ya ukarabati sawa na nusu ya bei kabla hajalipa hata shilingi. Na msimu wake wa kwanza, mpaka alijue trekta lake, asipokee malipo ya awali ya jirani yeyote.